Kumwamkia Mama kwa Kikamba

Mama alipopatwa na kiharusi, upande wake wa kulia ulilegea na Kiswahili kikamtoka. Alichobaki nacho ni Kikamba, lugha ambayo mimi, niliyezaliwa na kulelewa mjini, mtaa wa Woodley, niliisikia tu akiongea na dada zake kwenye simu. Baba, aliyekuwa karani wa serikali, alitukataza kuitumia nyumbani ili tufanye vizuri shuleni. Hata alipofariki, hakuna aliyekumbuka kuliondoa katazo lile.

Mimi na mke wangu tulimhamishia Mama kwetu Kinoo. Daktari alinieleza kwamba maneno mengine yangerudi na mengine huenda yasirudi kabisa, akanishauri niongee naye kila siku kwa lugha aliyo nayo. Nilikubali mara moja. Ningempelekea chai kabla ya kwenda kazini Westlands, niketi naye kidogo, basi.

Lakini kila asubuhi nilijikuta nashughulika na mengine. Nilipiga pasi shati lililokwisha kupigwa pasi. Nilisoma habari kwenye simu. Nilijiambia kuwa barabara itajaa magari, afadhali nitoke mapema, tutaongea vizuri jioni. Jioni nilikuwa nimechoka. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Ofisini mimi ni mkuu wa idara, nikianza kusema watu hunyamaza; sasa nisimame mbele ya mama yangu, na mvi zangu, nikitafuta maji huitwaje kwa Kikamba.

Siku nilipojaribu, alicheka. Nilikusudia kumuuliza amelalaje; sijui nilisema nini. Alicheka kwa mdomo ule uliopinda mpaka chai ikamwagikia blanketi. Nilitoka nimenuna, na kwa siku kadhaa nikamwachia mke wangu kazi ya chai.

Mke wangu ni mtu wa Bungoma, Kikamba hajui hata salamu. Yeye humhudumia Mama kwa ishara na tabasamu, na wanaelewana. Hakunilaumu. Asubuhi moja tu, nikiwa mlangoni na mkoba begani, aliniambia, "Unajua Mama hajacheka tangu atoke hospitali? Ni siku ile tu, na wewe."

Niliweka mkoba chini. Nilichukua kikombe kutoka mkononi mwake nikaingia chumbani. Sikujiambia kwamba nitajifunza Kikamba. Nilijiambia nitamwamkia, nisubiri aitikie, kisha niende zangu. Aibu haikuondoka; niliingia nayo.

Ndivyo ilivyoanza. Nikikosea, Mama aligonga ukingo wa kitanda kwa mkono wake mzima, akalirudia neno polepole huku akinitazama midomo. Zipo asubuhi nilizosimama nje ya mlango nikitamani kurudi jikoni, na zipo nilizorudi kweli. Ila nilikuja kugundua kwamba uzito wote ulikuwa pale nje. Nikishaketi kitandani kwake, nilisahau kwamba sikutaka kuingia. Kesho yake sikutaka tena. Nilidhani mazoea yakikomaa mtu huamka akiwa na hamu. Kwangu haikuwa hivyo. Nilizoea tu kuingia bila hamu.

Juzi Jumapili, mke wangu akimsuka nywele, Mama alianza kusimulia. Nilishika zaidi ya nusu, na palipoteleza alirudia. Alisema alipoletwa Woodley akiwa bi harusi, Kiswahili hakukijua. Alijifungia ndani muda mrefu kwa kuogopa wanawake wa mtaani watamcheka. Baba akirudi kutoka kazini ndiye aliyeenda kununua mboga. Kisha siku moja alijilazimisha kwenda kibandani na sentensi moja aliyoikariri, na kesho yake akaenda tena na ileile.

Sikuwahi kuyajua hayo. Mama niliyemjua mimi alibishana bei na soko zima.

Nikamuuliza hiyo sentensi ilikuwa ipi. Alijaribu kuitamka kwa Kiswahili, midomo ikacheza, haikuja. Akafumba macho, akajaribu tena, kisha akaniambia kwa Kikamba.

"Amesemaje?" mke wangu akauliza, kitana kikiwa bado mkononi.

"Amesema, nipe sukuma wiki, na ukinicheka sitarudi."

Mke wangu alicheka, na Mama, bila kungoja nimtafsirie, akacheka naye.