Chaki ya Magige

Magige alikuwa fundi pancha pale mtaa wa Mukendo, mjini Musoma, na mimi cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza lile lile, kwa hiyo haya nayasema kwa niliyoyaona. Ni mtu niliyempenda na aliyenichosha. Alikuwa mbishi, maneno yake ya kuhesabu, na kwenye tairi hakuwa na mzaha hata kidogo.

Mwaka ule wa themanini na tatu tyubu mpya ilikuwa haipatikani hata umlilie mtu. Magige alibandika kiraka juu ya kiraka, na tairi lililochanika alilitia kwa ndani kipande cha tairi kuukuu, kisha tundu lililobaki akaliziba kwa ukanda wa mpira uliopakwa solusheni. Akimaliza, alichukua chaki akaandika ubavuni mwa tairi mahali ambapo kazi yake ingefika: Bunda, au Butiama, na siku nyingine Kitaji tu, mwenye pikipiki akanuna, maana Kitaji ni pua na mdomo. Tulimcheka sana. Lakini hakuna aliyewahi kukwama kabla ya mahali palipoandikwa, na watu wakaiamini ile chaki kuliko macho yao wenyewe.

Asubuhi moja ya masika akafika mkwewe Wambura kwa baiskeli kutoka Buswahili, mbele ya Butiama, ameloa chapachapa. Boke, mkewe, binti wa Magige, alikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto hatoki, na mkunga Skolastika alikuwa anataka daktari. Gari la hospitali halikuwa na dizeli. Dokta Pastory akakubali kwenda kwa pikipiki, ila tairi lake la nyuma lilikuwa limechanwa na jiwe, na likaletwa barazani kwetu.

Magige alifanya kazi bila kuinua kichwa. Alipoitumbukiza tyubu kwenye karai la maji, kipovu kidogo kikapanda. Tukasubiri. Kikapanda kingine. Akabandua kiraka, akabandika upya, solusheni ikamwishia mkononi, na kipovu bado kinapanda pale pale. Akaifuta tyubu, akairudisha ndani ya tairi hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Itaenda Buswahili na kurudi?" daktari akauliza. "Kama ni ya Butiama tu, nasubiri gari kesho. Siwezi kulala porini."

Kwa haki ilikuwa ya Butiama, tena kwa mtu mmoja, tena kwa mwendo wa taratibu. Magige alimtazama Wambura, akashika chaki, akaandika: Buswahili, kwenda na kurudi.

"Wewe hudanganyagi, fundi," daktari akasema, akapiga kiki akaondoka, Wambura akamfuata na baiskeli yake.

Kile kipovu nami nilikiona. Ningeweza kusema. Nilikanyaga cherehani nikashona suruali ya watu, na mpaka leo najichukia.

Siku ile Magige hakushika kazi nyingine. Kila gari lililotoka upande wa Butiama lilimwinua kitini. Alasiri likaja lori la ng'ombe, na dereva akatuambia kwamba pikipiki ya daktari ameiona Buswahili, imesimama nje ya nyumba ya mkunga. Nilipiga makofi kwa furaha. Magige hakufurahi. Aliniuliza jambo moja tu, kama nadhani daktari atarudi peke yake.

Hakurudi peke yake. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, alihitaji kupasuliwa, na hakukuwa na njia nyingine ya kumfikisha Boke Musoma. Walimpandisha nyuma, wakamfunga kwa kanga kiunoni mwa daktari. Wakafika Butiama salama. Kwenye mteremko wa mbele yake, wakija Musoma, ndipo kiraka kilipoachia. Daktari akavunjika mkono, na walikaa pale kwenye matope saa nne nzima kabla ya kupata gari. Boke alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona.

Nilikwenda na Magige hospitalini. Alisimama kando ya kitanda, kofia mkononi.

"Nilikataa kupanda, baba," Boke akasema. "Dokta akanionyesha mwandiko wako. Ndiyo nikapanda."

Hakuwa anamlaumu, alikuwa anaeleza tu. Magige alirudi barazani akaitupa chaki mtaroni. Miaka michache baadaye tyubu mpya zilijaa madukani Mukendo, na hata hivyo mteja akimuuliza tairi litafika wapi, alikuwa anajibu kwamba hajui.