Mpaka Ng'ombe Watoke

Binti yetu alizaliwa na tezi ya shingoni isiyotengeneza homoni ya kutosha. Daktari wa Mwanza alitueleza kwamba hali hiyo haiponi, lakini inadhibitika: kidonge kimoja kila siku akiamka, kwa maji matupu, na maziwa yasubiri kama nusu saa, maana huizuia dawa kufanya kazi. Dawa ikikosekana, mwili na akili vitadumaa. Miaka ile ya ruksa, maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yamefunguliwa Bariadi, kwa hiyo kupata vidonge hakukuwa taabu tena. Taabu ilikuwa baba yangu.

Binti alipofika miaka minne, mama yake alijifungua kwa shida akalazwa, nami nikampeleka binti kwa babu yake kijijini Mwamapalala. Kwa baba, maziwa ya kwanza yenye povu yalikuwa haki ya mtoto mdogo kuliko wote nyumbani. Asubuhi ya kwanza nilitoka na kikombe cha maji, nikamkuta mwanangu amechuchumaa kando ya ng'ombe, midomo imejaa povu.

"Baba, kidonge kwanza!"

"Ameamka na njaa. Ulitaka nimwambie ng'ombe asubiri?"

Nilichukua kijiti nikamchorea baba mchangani shingo, tezi, tumbo na njia ya dawa. Mambo haya nilijisomea mwenyewe vitabuni, na nikianza kueleza siachi njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, Daktari. Kidonge chako kinaogopa maziwa."

Nikavua saa yangu nikampa apimie hiyo nusu saa. Aliitazama, akanirudishia.

"Hapa tunafuata ng'ombe. Saa haina ndama."

Kesho yake nilipaswa kurudi kazini, na mjini hakukuwa na wa kumtazama mtoto. Nikabadili mwanafunzi. Jioni ile ile nilimweleza binti mwenyewe: kidonge, maji, kisha hakuna maziwa mpaka ng'ombe watoke zizini. Baba, kama babu yeyote wa kwetu, alimtania mjukuu wake kwa kumwita mke, na mtoto aliushika utani ule kwa dhati kuliko babu mwenyewe.

Asubuhi alimeza kidonge, akamfuata babu yake aliyekwisha kuinua kibuyu cha mtindi.

"Mume wangu, unakunywa peke yako?"

"Nina njaa, mke wangu."

"Hata mimi. Weka chini. Ng'ombe hawajatoka."

Baba alinigeukia. "Umemfundisha wewe."

"Mimi ni daktari tu, baba. Ya ndoa siyaingilii."

Akakiweka kibuyu chini. Nikapanda baiskeli nikaondoka.

Mama yake alipopata nguvu, nilirudi kumchukua binti. Niliondoka Bariadi kungali giza, nikafika jua likianza kupasha. Binti alikuja mbio kunipokea, akanipita, akaendelea kumfukuza ndama. Baba alikuwa kwenye kigoda, kibuyu miguuni, na jirani aliyepita njiani akampigia kelele: "Mzee, leo umeruhusiwa?"

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia.

"Mwangaluka."

Koo lilikuwa limenikauka. Nikanyoosha mkono kwenye kibuyu.

"Acha hicho," baba akaninong'oneza, akimtazama mtoto. "Unataka tufukuzwe wote wawili?"

Nikakaa chini kando yake. Ng'ombe walikuwa bado zizini.