Lipiko Lililotoa Ulimi

Nianze na upuuzi wangu mwenyewe, maana mkiusikia kwa mtu mwingine mtaongezewa chumvi. Siku ya kwanza kazini, kabla hata ya chai ya saa nne, nilivaa lipiko la watu kichwani, nikatoa ulimi kwenye tundu la mdomo wake, nikajipiga picha kwa kamera ya ofisi.

Wa kutoka mbali watauliza ubaya uko wapi. Lipiko ni kinyago kinachovaliwa kwenye ngoma, watoto wakitoka jandoni; mchezaji hujifunika mwili wote, hata miguu kwa soksi. Kwetu Wamakonde, mwanamke, na mtoto ambaye hajapita jandoni, hatakiwi kujua kwamba ndani mna mtu. Kwao lile ni lipiko, basi, limetoka huko lilikotoka. Mwanamume akitoboa siri hiyo, wenzake hawamwachi salama.

Sasa mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na nimetumikia fani ya kupiga picha na kueleza mambo ya kale kwa muda wa likizo nzima, vituo vitatu. Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, wavulana mliokwisha pita jandoni, kaeni vizuri niwaeleze kazi ilivyokuwa zamani, yaani mwezi wa sita.

Kituo cha kwanza kilikuwa Newala, kwenye chumba cha mambo ya kale nyuma ya ghala la korosho. Mkuu wangu alikuwa Mhifadhi, mama mmoja mwenyeji wa Iringa, sauti ya upole, macho yasiyocheza. Alinihitaji kwa sababu moja tu. Mwenye lipiko, mzee wa Mnyambe, alikubali kuliazimisha kwa masharti: lishikwe na kupigwa picha na mwanamume aliyepita jandoni, na kwenye picha lionekane peke yake, bila mtu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Jando umepita?"

"Nimepita."

"Nionyeshe mikono." Nikaionyesha. "Kaioshe tena. Huyo mzee nimemfuata miaka minne mpaka akakubali. Akikasirika, na wenzake wote watakuja kuchukua vitu vyao, na hiki chumba kitabaki kuwa stoo ya magunia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Akanipa glovu za pamba, akatoka nje, akafunga mlango. Sheria ya wenyewe alikuwa haivunji. Mimi nikabaki na lipiko. Yaliyofuata nimeshawaambia.

Baadaye nilifanya kazi yenyewe, na niliifanya vizuri. Unatandika kitambaa cheusi ili macho yasiende kwingine. Kando ya kitu unalaza kipimo, yaani kijiti chenye mistari myeusi na myeupe, ili mtazamaji ajue ukubwa. Unaweka kikaratasi chenye namba ya kitu. Nikapiga mbele, nyuma na ubavuni, nikahamishia zote kwenye flashi. Ile yangu sikuifuta. Niliona nimependeza.

Kituo cha pili kilikuwa Masasi, kwenye magofu ya nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma, chini ya Mpiga Picha Mkuu. Huyu alikuwa na kiuno kibovu, kwa hiyo kuinama kote kulikuwa kwangu. Alinifundisha mwanga wa pembeni: unasubiri jua la asubuhi liguse ukuta kwa upande, na kila mkwaruzo unaota kivuli. Ndivyo tulivyoona nyayo za mbwa kwenye tofali moja. Alilikanyaga likiwa bado bichi.

"Unaona?" akasema. "Mjenzi kafa, jina hakuna. Mbwa yupo."

"Kwa hiyo mkubwa, nikitaka nikumbukwe nikanyage tofali?"

"Wewe inama, piga picha."

Siku hiyohiyo akanituma mjini kuchapisha picha kubwa ya lipiko kwa ajili ya maonyesho ya Mnyambe. Nikampa flashi kijana wa steshenari, nikamwambia achape ile ya kwanza, aibandike kwenye ubao na kuifunga kwa karatasi nyeusi. Kufunga kulikuwa sharti la mwenye lipiko: yeye ndiye aifunue, na ukimtoa mchapaji, asiione mtu kabla yake. Nikaenda kula chipsi. Niliporudi ubao ulikuwa tayari umefungwa.

Kituo cha tatu na cha mwisho, Mnyambe, karibu na kwetu, darasani kwenye shule ya msingi. Tulipanga vitu mezani, lipiko lenyewe ndani ya sanduku la kioo, na ubao ukapigiliwa misumari ukutani. Kina mama wakaanza kuingia, mama yangu akiwa mstari wa mbele, amekaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili. Mwenye lipiko akapewa kiti, hatua mbili kutoka kwenye ubao. Nikaona karatasi imelegea chini. Nikainua kona niibane.

Nikakutana na ulimi wangu.

Picha ya kwanza kwenye flashi ilikuwa ile yangu. Nikarudisha karatasi na kuegemea ubao. Kutoka hapo sikubanduka. Kazi yangu ilikuwa kueleza, basi nikaeleza. Nilieleza jembe la mkono. Nilieleza vigae vya chungu, kimoja kimoja. Nilieleza habari za yule mbwa wa Masasi mpaka nikampa rangi. Shati lilikuwa limelowa na kunata kwenye karatasi, na nyuma ya shati lile palikuwa na miaka minne ya Mhifadhi.

"Shaibu," mama yangu akasema, "sogea basi, umeziba."

"Nasogea, Mama."

"Unasogea wapi? Umesimama."

Kina mama wakacheka. Mhifadhi hakucheka. Alikuwa anaitazama karatasi nyuma yangu. Mwenye lipiko akainuka, akaja mpaka nikasikia harufu ya ugoro, akanyoosha mkono kwenye karatasi.

Nikamnong'oneza sikioni. "Babu, usifunue. Aliyemo ndani ni mimi. Nilivaa, nikajipiga. Mama Mhifadhi hajui lolote."

Mkono wake ukasimama. Akainua kona kidogo, akainama, akatazama. Akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akairudisha karatasi, akaibana kwa dole gumba kama anabandika stempu.

"Picha imeharibika," akawaambia watu. "Haifai kutazamwa. Tazameni majembe."

Kina mama walipokwisha kutoka, alifunga mlango. Tulibaki yeye, Mhifadhi na mimi. Akamwambia Mhifadhi kosa limefanyika na lina mwenyewe, halizungumzwi mbele ya mwanamke. Akafungua sanduku, akalifunga lipiko lake kwa kitenge.

"Hili narudi nalo," akasema. "Vya wenzangu vibaki. Vinabaki kwa sababu kaniambia kabla sijafunua. Angesubiri nione mwenyewe, leo mngebeba meza tupu." Kisha akanigeukia. "Huo ubao kauchome. Na kamera ya watu usiishike tena."

Mhifadhi alikuwa amekalia kona ya meza. Hakuniuliza nilichofanya. Alinyoosha tu mkono nikampa kamera, glovu na kile kijiti cha kipimo.

"Umestaafu," akasema.

"Samahani, Mama."

"Nimesikia. Nenda."

Ndivyo nilivyoacha kazi. Chumba cha Newala bado kipo, na vitu vipo isipokuwa kimoja. Pale kwenye sanduku la kioo Mhifadhi ameacha kitambaa cheusi na namba yake. Wageni wakimuuliza, anawajibu kwamba mwenyewe kaja kulichukua. Ninajua kutega jua la pembeni, ninajua kulaza kipimo, na sina pa kuyapeleka.

Nilirudi nyumbani na mama yangu kwa miguu. Njiani nikawa natunga uongo wa kumpa akiniuliza. Hakuuliza. Tulipofika kwenye mikorosho yetu akahamisha kikapu mkono mwingine, akasema:

"Mimi pale mbele sikuona kitu. Na zile soksi za baba yako ninazofua kila lipiko likishacheza, nazo sijawahi kuziona."