Mtungi wa Kijani Kando ya Mfereji

Kabla ya jambo lolote kutokea, hali ilikuwa hivi. Ploti yetu ya Ruiru ilikuwa na nyumba kumi na mbili, geti moja na mfereji mmoja. Maji yalikuja Jumanne na Ijumaa, mwendo wa saa tatu asubuhi, na aghalabu yalikatika kabla ya adhuhuri. Kwa kuwa hakuna awezaye kusimama foleni tangu jana yake, mitungi ndiyo iliyosimama. Kila nyumba iliweka mtungi mmoja wa plastiki jioni iliyotangulia, kwa kadiri watu walivyorejea kazini, na mtungi ukishatua ulihesabiwa kuwa ni mwenyewe. Zamu yako ikifika, ulijaza vyombo vyote ulivyokuwa navyo, kwa hiyo aliye mkiani huenda asipate hata tone. Wangu ulijazwa na msimamizi wa ploti, maana saa hiyo mimi huwa nafundisha darasani Thika.

Majirani hawakuwa maadui, wala hawakuwa marafiki. Nilikaa pale miaka minne bila kujua nyumba iliyopakana na yangu ina watu wangapi.

Nyumba iliyotazama barabara ilipangwa na fundi wa nguo, mwanamke wa makamo aliyeshona sare za shule, na mara mojamoja suruali zangu. Cherehani yake ilikaa dirishani, na dirisha hilo ndilo lililokuwa bango lake. Mzazi akipita aliiona, akaingia. Jumatatu na Alhamisi alasiri alipeleka kazi iliyokamilika sokoni Thika. Alirudi giza likiingia, na mtungi wake wa kijani ukawa wa mwisho kila mara.

Lipo na jambo linalonihusu mimi. Foleni ilianza kwenye mfereji ikafuata ukuta, lakini ukuta ulikuwa mfupi, hivyo mkia wake ulijikunja na kuziba njia ya geti. Mimi hutoka alfajiri, wengine wakiwa bado wamelala. Ili nifungue geti, niliinua mitungi mitatu au minne iliyonizuia nikaipanga safu ya pili, iliyonyooka, sambamba na ile ya kwanza. Wa mwisho ndio uliokuwa karibu zaidi na geti, kwa hiyo ndio niliouinua kwanza, nikauweka mahali palipokuwa wazi kwanza, yaani kando ya mfereji. Safu zilipendeza. Nilifanya hivyo muhula mzima, nikijihesabu kuwa mtu wa msaada.

Muhula huohuo nilikuwa nikifundisha nadharia ya uamilifu kuhusu uhalifu na ukiukaji wa kanuni. Kwa ufupi, nadharia hiyo hushikilia kwamba mkosaji ana kazi anayoifanyia jamii. Watu wakimkasirikia kwa pamoja, hukumbuka kanuni zao, na hukumbuka kwamba wao ni kundi. Adhabu, kwa mtazamo huo, humlenga mkosaji lakini huwafaa zaidi wale wanaotazama. Wanafunzi waliniomba mfano wa karibu. Niliwaahidi kuutafuta.

Jumapili moja, baada ya ibada, msimamizi alipanga viti vya plastiki uani. Ulikuwa mkutano wa kwanza wa ploti tangu nihamie. Aliyeuongoza alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, mpangaji wa nyumba ya tatu, na ajenda ilikuwa moja: kumwomba mwenye ploti ampe fundi notisi ya kuhama.

"Mama, sema tu ukweli," alianza. "Jioni mtungi wako ni wa mwisho. Asubuhi uko mbele. Umeota miguu?"

Watu wakacheka. Sikuwahi kuisikia ploti ile ikicheka kwa pamoja.

"Mimi naukuta tu hapo," fundi akasema. "Nilidhani kuna mtu amenihurumia."

"Huruma? Kwa hii ploti?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa na ndoo zake mapajani kana kwamba zitaibwa. Wakacheka tena.

"Haki ya Mungu, sijaugusa. Mkinitoa hapa nitashonea wapi? Watu wananijua kwa hilo dirisha."

Hapo ndipo nilipofahamu. Nilisimama nikaeleza kila kitu: geti, mkia wa foleni, safu mbili, na mtungi niliouinua kwanza. Niliongea kwa utaratibu, kama nifanyavyo darasani.

Mfanyakazi wa kiwandani akatabasamu. "Mwalimu, keti. Wewe ni mtu mpole sana. Usijibebeshe makosa ya watu."

"Si upole. Niliuinua kwa mikono yangu."

"Mara ngapi?"

"Kila Jumanne na kila Ijumaa."

"Na ukachagua wake tu uende mbele?"

"Ndio uliokuwa umeziba geti. Na haukuwa peke yake, kulikuwa na mingine."

Niliwatazama wote. Mitungi mingine niliyoisogeza ilikuwa ya watu tofauti kila wiki, na waliofaidika wakaanza kukung'uta vumbi kwenye viatu vyao.

"Ngai!" mama wa ndoo akaruka. "Si basi aliuweka hapo makusudi, akijua mwalimu atausogeza!"

Hoja hii ilipokewa kwa furaha kubwa. "Ehe! Hiyo ndiyo siri!" Kila mtu alimgeukia jirani yake kumweleza yale ambayo jirani alikuwa ameyasikia mwenyewe. Mikono ikainuliwa. Kumi walikubali, mimi nikakataa, na fundi hakuulizwa. Baadaye ililetwa chai. Watu walipeana namba za simu, likaundwa kundi la majirani, na nikaelezwa kwamba nyumba iliyopakana na yangu ina watu watano. Fundi alikuwa amerudi ndani; tuliisikia cherehani.

Kuanzia Jumanne iliyofuata niliacha kuigusa mitungi, nikawa napita kwa ubavu penye mwanya. Foleni haikuvurugika tena. Mfanyakazi wa kiwandani alinisimamisha getini, hakuwa na ubaya wowote usoni.

"Umeona, mwalimu? Tangu apewe notisi, mtungi umetulia."

Nilimwambia kwamba umetulia kwa sababu nimeuacha. Akanipiga bega kwa upendo.

Wanafunzi sikuwapa mfano ule. Ungewaridhisha, nami nilijua kwamba nadharia ingeueleza mkutano wote, pamoja na chai, bila kulazimika kuuliza ni nani aliyeuinua mtungi.

Kundi la simu lilisalimiana kila asubuhi kwa wiki sita hivi, kisha likanyamaza. Fundi alihamia mtaa wa Makongeni mwisho wa mwezi ule, kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha la barabarani. Katika wateja wake wa Ruiru, aliyemfuata ni mimi peke yangu.