Chumba Chini ya Kitanda cha Mama

Ipo siku moja nisiyopenda kuikumbuka, mwanangu, na leo umenilazimisha. Nimesikia ndugu zenu waliokimbia vita vya Djugu wamefika kwenu, parseli yenu, kiwanja chote, imejaa, na wewe umeamua kuchimba chumba chini ya nyumba ya baba yako. Sitakukataza. Kumpa ndugu pa kulala ni jambo jema, na mikono unayo. Ila keti kwanza. Kiti hicho kina mguu mmoja mfupi, egemea ukutani. Hata mimi nilichimba chini ya nyumba, hapahapa mtaani Saio, nikiwa na umri kama wako.

Nilikuwa nimerudi kutoka machimbo ya dhahabu. Miaka minne niliingia ardhini kama fuko, nikajiona hakuna anayeujua udongo kunishinda. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alibaki katika nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga Baba pamoja na rafiki yake Mzee Zakaria, fundi mwashi. Mguu wa Mama ulivunjika tulipokimbia vita mara ya kwanza, na ukaunga vibaya. Basi risasi zilipoanza kusikika tena upande wa milimani, majirani wakifunga mizigo, yeye aliketi kitandani akaniambia kwa utulivu:

"Miye sikimbie tena, mutoto yangu. Wakikuya, watanikuta hapa."

Nilitoka nje nikalia. Nilipomaliza kulia nikapata wazo. Kama Mama hawezi kukimbia, nitamchimbia pa kujificha papo hapo, chini ya kitanda chake, chumba chenye ngazi fupi ambazo hata mguu ule ungeziweza.

Nilimwendea Mzee Zakaria. Alikuja na kamba yake, akaupigapiga ukuta kwa kiganja, akafukua kidogo pembeni na kunionyesha msingi. Ulikuwa mfupi, mawe ya kufika magotini tu.

"Hapa si mu shimo ya dhahabu," alisema. "Kule unaogopa udongo ya juu ya kichwa yako. Hapa uogope ukuta. Chimba chini yake hatua moja tu, ujenge mawe, ungoje ikauke. Kiisha uache hatua mbili, uchimbe ingine. Na kila kipande, uniite nione."

Vipande vitatu nilivifanya hivyo. Kila kimoja kilikula wiki nzima, na kila mara mzee alikuja taratibu, akayagonga mawe kwa nyundo yake, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake. Lakini milio ya bunduki ilikuwa inasogea, na mtaa ulikuwa unabaki mtupu. Tena nikiri, mwanangu, nilikuwa nimechoka kusimamiwa. Haraka haraka haina baraka: methali hiyo nilijua kuisema tangu utotoni, kuitii ndiyo sikujifunza.

Machimboni tulikuwa tukikata kwanza na kuegemeza magogo baadaye. Udongo ukilia, unaongeza gogo. Nami nikafanya kama nilivyozoea. Kwa siku mbili nilitoa udongo wote uliobaki chini ya ukuta wa nyuma, nikauacha ukuta umesimama juu ya miti ya mikaratusi. Ulikuwa mwisho wa kiangazi na ardhi ilikuwa ngumu hata mtaimbo ulikuwa unarudi mkononi. Sikumwita mzee.

Siku ya tatu ufa ukatokea juu ya dirisha la Mama, mwembamba, wa kuingia wembe. Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba. Niliukandika kwa udongo uliochanganywa na majivu, nikaulainisha kwa kitambaa chenye maji, ili Mama asiuone.

Hakuuona. Ila jioni, nikimpa chakula, aliniuliza, "Zakaria alipita kuangalia?"

"Alipita, Mama. Alisema iko muzuri."

"Basi," akasema, akala.

Kesho yake mchana ikaanguka mvua ya kwanza. Nilikuwa nimekwenda kwa seremala kutafuta mbao za ngazi. Maji yalishuka kutoka nyuma ya nyumba, yakaingia shimoni, na udongo ule mgumu nilioutegemea ukawa uji chini ya magogo yangu. Kilichotokea nilikisikia baadaye kwa jirani yetu Mama Furaha, mmoja wa wachache waliobaki mtaani. Alisikia ukuta unalia, akakimbilia dirishani akamkuta Mama kitandani anachagua maharagwe. Akamwita, "Mama, utoke, ukuta iko inalia!"

Mama akamjibu, "Usiogope, dada. Fundi alipita. Alisema iko muzuri."

Hata mguu haukuwa na kosa, mwanangu. Jirani angemshika mkono wangetoka wote. Alikaa kwa sababu aliniamini.

Ukuta ulimwangukia, tukamfukua kwa mikono. Mzee Zakaria naye alikuja, akainua matofali aliyoyapanga mwenyewe na Baba, moja baada ya jingine. Nilitamani anitukane. Siku ya maziko alinishika bega akasema, "Ungeniita tu. Ningekuya." Hakulirudia jambo hilo mpaka alipokufa. Wenye bunduki walipita njia nyingine. Mtaani kwetu hawakufika kabisa.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimezeeka naye. Kwa hiyo nisikilize. Chimba, lakini kipande kwa kipande, na kati ya vipande uache udongo wa Mungu ubebe ukuta mpaka mawe yako yakauke. Mvua ikikaribia, simama. Ukiona ufa, usiufiche. Waite wanaolala humo wauone kwa macho yao, na wewe uwe wa kwanza kuwaambia watoke. Ustadi wa kazi moja usikudanganye kwamba unaijua nyingine. Na fundi mwite kila mara, hata kama anakuchosha. Ukiona haya kumwita, nipitie asubuhi twende pamoja, bado natembea.

Mungu aibariki mikono yako, aitunze nyumba ya baba yako na wageni wote watakaolala humo. Na siku mama yako atakapokuuliza kama fundi alipita, Mungu akujalie umjibu kweli.