Gastrite Tuliyompa Baba

Nafundisha saikolojia ya udhanaishi katika taasisi moja hapa Bukavu, na kwa miaka mingi nilijiona fundi wa kifo. Nilisimama mbele ya wanafunzi nikieleza ilikoanzia: wanafalsafa wa Ulaya waliogoma kumwona mtu kama mashine, kisha madaktari wa akili, baadhi yao wakiwa wametoka kwenye kambi za mateso za wakati wa vita, waliochoka kumpa kila mgonjwa jina la ugonjwa bila kumuuliza anaishije. Kila mtu, niliandika ubaoni, ana mambo manne asiyoweza kuyakwepa: atakufa, yuko huru na hivyo lazima achague, ndani kabisa yuko peke yake, na maana ya maisha yake hapewi, anaitafuta mwenyewe. Mtabibu anayatazama pamoja naye, hakimbii. Neno hilo la mwisho nililipigia mstari.

Mwanafunzi mmoja kutoka Shabunda aliuliza tutamsaidiaje mgonjwa asiyejua kwamba anakufa, maana kwao mgonjwa haambiwi. Nilimcheka, darasa likacheka nami. Nikamjibu kwamba kumficha mtu kifo chake ni kumwibia. Maringo matupu.

Mwezi haukuisha, baba yangu akalazwa hospitali ya Katana. Daktari aliniita kando: saratani ya ini, imeshasambaa. Familia tulikutana nyumbani Nguba, kama tunavyofanya kwa jambo zito, na uamuzi ulitoka kabla chai haijapoa.

"Muzee asiambiwe," alisema shangazi. "Ukimuambia, ni weye utakuwa umemuua."

Wote wakanigeukia, kwa kuwa mimi, binti yake, ndiye msomi. Nikakubali. Tukauita ugonjwa gastrite, vidonda vya tumbo tu, na kila aliyeuliza, wa ndani ya ukoo au wa nje, akapewa gastrite hiyo hiyo ili siri isivuje.

Baba alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote, mtu asiyependa mizunguko. Jumapili moja, tukiwa wawili tu, alinishika kiganja.

"Mutoto yangu, unafundishaka batu mambo ya kufa. Niambie basi. Iko nini mu tumbo yangu?"

Nilikuwa na kikombe cha uji mkononi. "Iko gastrite tu, papa. Utapona."

Alinitazama, kisha akafungua mdomo nikamnywesha. Alisema asante. Hakuuliza tena, na mimi, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi.

Alifariki wiki tatu baadaye.

Matanga yalipokwisha nilirudi Katana kuchukua blanketi na vyombo vyake. Mama mmoja mkulima, aliyekuwa akimuuguza mumewe kwenye kitanda cha jirani, alinivuta hadi kwenye korido.

"Papa yako alijua," alisema. "Alijua tangu mwanzo. Mukitoka, alikuwa analia. Aliogopa sana, maman. Alinikataza kuwaambia, alisema batoto banaogopa kifo kumushinda yeye."

Nilimuuliza kama baba alisema kitu kingine.

"Alitaka ndugu yake aletwe. Alisema akiwaomba mumulete, mutatambua kwamba anajua."

Nililia pale pale kwenye korido, kwa sauti, bila aibu. Baba na mdogo wake hawakuwa wamesemezana kwa miaka mingi kwa ajili ya kiwanja cha marehemu babu. Kumbe alikuwa amechagua jambo la mwisho la maisha yake, nasi tulikuwa tumesimama mlangoni tukimzibia njia kwa tabasamu zetu.

Siku hiyo hiyo nilienda Kasha, kwa mdogo wake huyo. Baba mdogo alikuwa ameketi sebuleni, bado amevaa shati la mazishi. Nilimweleza yote niliyoyasikia. Hakunikemea.

"Nilituma mutu mara mbili kuuliza iko namna gani," alisema. "Mulijibu gastrite. Nikasema basi, akitoka hôpital, nitaenda kumuomba pardon ku nyumba."