Nasra anayewafundisha wazee wa Kondoa safari ya angani

Saa mbili asubuhi. Uani kwa Nasra Hamidu, Miyuji jijini Dodoma, wazee kumi na wawili wamekaa kwenye viti vya plastiki, watatu watatu, magoti yakigusa kiti cha mbele. Hakuna anayekwenda popote. Ndiyo kazi yenyewe.

"Hapa tumesharuka," Nasra anawatangazia. "Dar es Salaam mpaka Jeddah ni karibu kilomita 3,200. Tutakaa hivi hivi muda wa saa tano, kasoro kidogo."

Minong'ono inapita. Kilomita 3,200 ni kama kwenda Dar kutoka Dodoma mara saba, na hiyo mara moja tu kwa basi inammaliza mtu.

"Saa zetu tuzisogeze?" anauliza mmoja.

"Usiguse kitu, baba. Tunakwenda kaskazini moja kwa moja. Saa ya Jeddah ndiyo hiyo hiyo ya Kondoa."

Nasra, 43, mzaliwa wa Kondoa, huwasindikiza wanaokwenda umra kwa niaba ya wakala mmoja wa safari. Kazi ni ya msimu. Miezi mingine anashona nguo. Zoezi hili hakutumwa na mtu. Alilianzisha baada ya safari yake ya kwanza, pale bibi mmoja alipoanguka mara tu waliposhuka Jeddah.

"Hakuwa mgonjwa. Alikuwa hajanywa maji tangu Kondoa," anasema. "Wazee wetu wamezoea basi. Kushuka kuchimba dawa vichakani ni mpaka dereva apende, kwa hiyo mtu anajinyima maji kuanzia jana yake. Iliniuma sana."

Leo anayemtia wasiwasi ni Mzee Khamisi, mkulima wa Busi. Wanawe wameshamlipia, lakini tangu juzi anasema haendi. Pasipoti iko mfukoni mwake, na alasiri hii ndiyo mwisho wa kuikabidhi. Anasingizia mbaazi zake shambani.

Nasra haamini habari za mbaazi. Amemwona akienda msalani mara mbili tangu afike, na chai aliyowekewa hajaigusa. Kumuuliza mbele za watu ni kumvunjia heshima, kwa hiyo anasema na wote, macho akiyapeleka kwingine.

"Wazazi wangu, ndani ya ndege kuna choo. Tena si kimoja. Mtu anainuka anapotaka, hata mara kumi, na hakuna wa kumuuliza."

Kisha Bi Munira, wa mstari wa nyuma: "Na huko chini kinamwangukia nani?"

Uani kote ni vicheko. Nasra anacheka mpaka anafuta machozi kwa mtandio, ndipo anaeleza kwamba kila kitu kinabaki kwenye tangi mpaka ndege itue.

Mzee Khamisi hacheki. Anainuka, anazunguka nyuma ya nyumba, anarudi kukaa. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Baadaye anainuka tena. Akirudi safari hii, anaomba chai.

"Hapo moyo wangu umetulia," Nasra ananinong'oneza. Anapanga kuyapeleka mazoezi haya Kondoa kwenyewe, kabla watu hawajaanza kujinyima maji. Uwanja wa madrasa moja ameshaahidiwa. "Mtu ameitamani safari hii maisha yake yote. Nataka afike na nguvu zake, asifike kulazwa."

Saa saba mchana viti vinakusanywa. Mzee Khamisi anabaki nyuma. Anatoa pasipoti na kumwekea Nasra mkononi.

"Mwanangu," anasema kwa sauti ya chini, "nitafutie kiti cha karibu na hicho choo."